Mwandishi wa jukwaa hapikwi kwa siku tatu

Warsha ya siku tatu humpa mwandishi mchanga wa tamthilia onyesho zuri la kufungulia mchezo wake, cheti na picha ya pamoja. Haimfikishi tendo la pili, yaani sehemu kuu ya pili ya mchezo, na michezo mingi ya waandishi wapya hufia hapohapo: ugomvi umeshawashwa, wahusika tumeshawajua, kisha kila mtu anaanza kueleza badala ya kutenda. Mhadhara mwingine haumvushi. Kinachomvusha ni masikio yaleyale yaliyosikia rasimu ya kwanza, yasikie na ya pili, ya tatu na ya nne.

New York wamelishika hili siku nyingi. New Dramatists, kituo cha waandishi wa tamthilia kilichoanzishwa mwaka 1949, humchukua mwandishi kwa miaka 7 bila kumtoza chochote. Public Theater, jumba la tamthilia la jijini humo, nalo lilianzisha mwaka 2008 kikundi cha waandishi chipukizi, kilichokuja kuwa cha miaka 2, chenye vikao kila baada ya wiki 2. Kwetu, Sundance, taasisi ya sanaa ya Marekani, iliwakusanya wasanii wa Afrika Mashariki kisiwani Manda, Lamu, mwaka 2010. Mkusanyiko wa aina hiyo, wa kujitenga na kufanya kazi, humfaa sana mwenye rasimu mkononi. Anayeanza anahitaji kikundi cha muda mrefu zaidi, na naamini Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi tunaweza kukiendesha bila kujenga hata chumba kimoja.

Chukua waandishi 8. Kikao kimoja kila wiki 2, saa mbili na nusu, wasomewe wawili. Ukitoa sikukuu unabaki na vikao 24 kwa mwaka, na katika miaka 2 kila mmoja anapata zamu 12. Zamu moja ni kurasa 20 hadi 25, zisizidi, maana baada ya dakika 40 wasikilizaji wanaanza kusamehe makosa. Kwa zamu 12 mtu anaandika mchezo mmoja, anaubomoa, anaujenga upya, na anabakiwa na nafasi ya kuanza wa pili. Huo wa pili ndio utakaokuonyesha amekua kiasi gani.

Mwandishi asisome kazi yake mwenyewe, kwa sababu sauti yake itaziba mashimo. Wasome waigizaji, walipwe, na mtu mmoja asome maelekezo ya jukwaani. Mwandishi akae pembeni na nakala na penseli. Mwigizaji mmoja akijikwaa, huenda kachoka. Wakijikwaa wawili mahali pamoja, sentensi ndiyo mbovu.

Mazungumzo yafuate mpangilio. Ule wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, una hatua 4 na unafanya kazi: wasikilizaji waseme kilichowagusa, mwandishi aulize anachotaka kujua, wasikilizaji waulize maswali yasiyobeba hukumu, maoni yatolewe mwishoni, kwa idhini ya mwandishi. Bila mpangilio huo, kikao cha tatu tu utasikia “mimi ningemuua baba mapema”, na ifikapo mwezi wa sita michezo yote 8 ina ladha ya yule mwenye sauti kubwa.

Kwa wanaoandika Kiswahili kuna ugonjwa mwingine, na huu unastahili kikao kizima: wahusika wote wanaongea kama taarifa ya habari. Funika majina ya wahusika kwa karatasi, kisha muulize msikilizaji nani anasema. Akishindwa, rudi mezani. Mama anayekaanga samaki Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, mwanawe anahama nyumbani, rasimu ya kwanza inamfanya aseme: “Sikubaliani na uamuzi wako wa kuondoka.” Rasimu ya nne: “Haya, nenda. Funguo uache.” Umbali kati ya sentensi hizo mbili ni miezi, na hakuna mkufunzi anayeweza kuufupisha kwa mhadhara.

Mahudhurio hushuka karibu na mwezi wa saba au wa nane: kazi mpya, mtoto, safari. Ndiyo maana posho ya waandishi isitolewe yote mwanzoni. Igawanywe kwa vikao, na nauli ilipwe siku hiyohiyo. Msimamizi awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, alipwe vizuri, na asiwe na mchezo wake ndani ya kikundi. Mfadhili anayedai onyesho la hadhara mwezi wa sita aambiwe hapana mapema, kwenye barua ya makubaliano.

Ila usomaji nao una kikomo. Mchezo uliosomwa mara 4 mbele ya watu walewale hautajifunza kitu kipya bila jukwaa. Kwa hiyo miezi 4 ya mwisho ni ya waongozaji. Kama usomaji wa wazi ni Mei, mwaliko utoke Januari, ukiwa na mswada mzima, idadi ya waigizaji na vifaa vinavyohitajika, ili mwenye ukumbi ajue tangu ukurasa wa kwanza kama mchezo huo anaumudu.