Supu ya pweza au sindano? Chakula cha anayetibiwa uzazi

Mwanamke wa Unguja au Pemba akianza matibabu ya uzazi, ushauri wa chakula humjia kwa njia mbili. Nyumbani huambiwa chakula ndicho dawa: supu ya pweza kwa bwana, habasoda na asali kwa bibi, maini kila siku ya kuongeza damu. Wengine hushikilia kuwa chakula hakina lolote, vidonge na sindano ndivyo vinavyoleta mtoto. Hakuna upande uliokosea wote. Lakini kosa la upande wa kwanza linauma zaidi, kwa sababu linakula miaka.

Mirija iliyoziba haizibuliwi na chakula chochote, wala mwanamme ambaye kipimo hakikuona hata mbegu moja hatazipata kwenye bakuli la pweza. Pweza ni kitoweo kizuri, ana protini, zinki na vitamini B12, na anayempenda amle. Asiwe sababu ya kuchelewa kupima. Mke na mume waliokaa miezi 12 bila kinga na bila mimba wapimwe wote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, wasingoje zaidi ya miezi 6.

Hata hivyo, wanaodharau chakula nao wanapoteza nafasi. Chukua mwanamke mwenye hedhi ya kubahatisha, uzito umezidi na mayai hayapevuki. Akiwa na kilo 80, kupunguza kilo 4 hadi 8 tu mara nyingi huirudisha hedhi kwenye mwendo wake, na dawa ya kupevusha mayai ikashika vizuri zaidi. Hilo halihitaji unga wa kopo kutoka ng'ambo. Chai ya vijiko vitatu vya sukari na mandazi manne asubuhi, sahani nzima ya wali wa nazi mchana, chapati za samli usiku: hapo ndipo pa kuanzia. Sahani iwe nusu mboga, robo wali au muhogo, robo samaki, kunde au choroko. Akiwa ameandikiwa metformini, dawa ya kisukari inayosaidia pia mayai kupevuka, aimeze pamoja na mlo, la sivyo tumbo litamsumbua mpaka aiache.

Damu nayo inatakiwa ijengwe mapema. Kunde na mchicha vina madini ya chuma, ila chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia yasiingie mwilini. Kamulia ndimu juu ya mboga, chai isubiri saa moja. Mchicha usichemshwe kwa maji mengi yakamwagwa, maana foleti, vitamini ya mboga za majani, huondoka nayo. Tia maji kidogo, dakika chache, epua ungali kijani. Chumvi iwe yenye madini joto. Vibua, dagaa na changu ni bora kuliko papa na nduaro, ambao hubeba zebaki zaidi. Maini ya kila siku, hapana: vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Na mchicha hata upikwe vipi hauchukui nafasi ya foliki asidi, yaani foleti ya vidonge. Ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia mwezi mmoja kabla ya mimba, bora mitatu. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne tangu mimba itunge, wakati mama mwingine hata hajajijua. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huandikiwa dozi kubwa zaidi.

Si haki mke abadilishiwe sahani huku bwana akiendelea na sigara. Mbegu za kiume huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezeka, kwa hiyo anachokiacha leo huonekana kwenye kipimo cha miezi mitatu baadaye.

Kwa anayevuka kwenda Dar es Salaam kupandikizwa mimba, sindano za kukuza mayai zina hatari moja ambayo chakula hakiitibu: ovari, yaani vifuko vya mayai, kuvimba na maji kujaa tumboni. Kunywa vya kutosha na kula mayai ya kuku na samaki si vibaya, ila apime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo ukapungua au pumzi ikabana, hilo si la madafu tena: aende hospitali usiku huo huo.