Mmepo na mshokishoki: familia moja au mbalimbali?

Mshokishoki wa Unguja, wenye matunda mekundu ya manyoya, na mmepo, mti ambao jani lake limo katikati ya bendera ya Kanada tangu 1965, siku hizi huwekwa na wanabotania katika familia moja, Sapindaceae. Wengi wakiambiwa hivyo huguna, na wana sababu.

Linnaeus aliiweka mimepo katika jenasi ya Acer mwaka 1753. Baadaye ikapewa hata familia yake, Aceraceae, yenye jenasi mbili tu: Acer na Dipteronia ya China. Kuitambua si kazi. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na tunda ni mbegu mbili zilizoungana, kila moja na bawa lake. Likidondoka huzunguka kama pangaboi. Mshokishoki, kama jamaa zake wengi wa nchi za joto, ana majani yanayopishana, kila jani likiwa na vijani kadhaa. Kwa mwalimu aliye msituni na wanafunzi, familia inayoonekana kwa jicho ni neema kubwa. (Ingawa Acer negundo, aina moja ya mmepo, nao una vijani, kwa hiyo hoja ya jani ina tundu.)

Mwaka 1998 kundi la wanabotania liitwalo APG (Angiosperm Phylogeny Group), likitegemea zaidi DNA, liliiunganisha Aceraceae na Sapindaceae. Mimepo imechipuka ndani ya ukoo huo. Ukiing'oa peke yake, wanaobaki si ukoo kamili tena, yaani babu mmoja na wazao wake wote. Mwaka 2010 watafiti wengine wakajibu: basi itengeni pia Xanthoceras, mti mdogo wa China, na Aesculus, jenasi nyingine ya miti ya ukoo huo, kila mmoja uwe na familia yake, na hakuna ukoo utakaokatika. Jibu hilo ni zito, nami sioni kosa ndani yake. DNA hutuonyesha nani ndugu ya nani. Mpaka wa familia tunauchora sisi.

Kinachonivuta kwenye familia moja ni sumu. Tunda la akee, nalo la Sapindaceae, linalopendwa Jamaika na lenye asili ya Afrika Magharibi, likiliwa bichi lina haipoglisini, inayoshusha sukari ya damu hadi kuua. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliikuta sumu hiyo hiyo katika mbegu za Acer negundo, wakaihusisha na ugonjwa wa misuli uliokuwa ukiua farasi malishoni. Ulaya sumu hiyo ikaonekana kwenye mmepo mwingine, Acer pseudoplatanus. Daktari wa mifugo anayejua kwamba mmepo na akee ni jamaa ana pa kuanzia. Ukizitenga familia, undugu huo unabaki kwenye oda ya Sapindales peke yake, kundi kubwa lenye familia nyingi, na oda hiyo imebeba pia mwembe, mchungwa na mwarobaini. Humo atatafuta mpaka farasi afe.