Wasini: Bahari Iingie Darasani, Lakini kwa Gharama ya Nani?

Bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, katika pwani ya kusini ya Kenya ina ratiba yake. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, miamba ikabaki wazi, na watafutao pweza wakateremka. Saa hizo hizo mwalimu wa Gredi ya 5 yuko katikati ya somo la hisabati. Kwenye kisiwa kama Wasini, mkabala na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, mwanafunzi asiyeonekana darasani asubuhi ya bamvua hahitaji kutafutwa mbali.

Mtaala wa Umilisi (CBC) ulipoanza kutumika nchi nzima Januari 2019, ulikuja na ahadi ya kuipatanisha bahari na darasa. Mtoto atajifunza kwa kutenda, wazazi watashiriki, na jamii itakuwa sehemu ya darasa. Ukisoma ahadi hiyo ukiwa kisiwani, ni kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chako. Wasini haina magari, vijiji vyake vikubwa ni Wasini na Mkwiro, na watu wanajuana kwa majina ya mababu. Mwalimu wa mjini akitaka mgeni wa kuzungumza na wanafunzi huandika barua. Wa kisiwani hutoka hadi barazani.

Na kuna mengi ya kufundisha. Chukua maji tu. Kisiwa hakina mto, na kwa vizazi wenyeji wameishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye majabia, yaani matangi ya kujengwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja. Kwa hivyo paa la mita mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 limekusanya lita 1,200, ukitoa zile zinazomwagika njiani. Hapo una kuzidisha, vipimo vya ujazo, hali ya hewa na usafi wa maji katika mfano mmoja ambao mtoto anauona kila siku akienda kuteka. Kitabu cha kiada kitamletea mfano wa tangi la ng'ombe wa Nakuru. Si mbaya, lakini si lake.

Mikoko nayo. Kampeni za kupanda miti zimejaa pwani yetu, na picha za watoto wenye tope hadi magotini zinapendeza. Lakini si kila aina huota popote. Mlilana husimama upande wa bahari, mkandaa hukaa nyuma kuelekea nchi kavu, na mche uliopandwa pasipo pake hufa mapema. Wazee wanaokata boriti na kina mama wanaotunza njia ya mbao ya watalii kati ya mikoko ya Wasini wanaijua mipaka hiyo vizuri. Somo la sayansi ambalo mtoto anaulizwa kwa nini mti huu uko hapa na ule uko kule lina thamani kuliko asubuhi nzima ya kuchomeka miche mbele ya kamera. Hata faida ya fedha si ndoto: Gazi, upande wa bara wa kaunti hiyo hiyo, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni inayofyonzwa na mikoko tangu 2013, na sehemu ya mapato imekwenda kwenye maji na mahitaji ya shule.

Upande wa pili, wa wasiotaka bahari iingie darasani, si wa watu wasioelewa elimu, ingawa mara nyingi huzungumziwa hivyo. Kuna mzazi anayesema kwamba bahari mwanawe ataipata nyumbani bila karo. Shuleni amempeleka akapate yale ambayo nyumbani hayapo: Kiingereza, hesabu za juu, kompyuta. Mzazi huyu anausoma mfumo vizuri kuliko wanaomhubiria. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari ya juu, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 una asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 una asilimia 60. Yaani asilimia 80 ni mitihani ya taifa, ambayo swali lake ni lile lile Wasini na Westlands ya Nairobi. Hakuna alama ya kumtambua mtoto kwa sababu anajua kusoma mkondo wa maji wakati wa kusi.

Kisha kuna kumbukumbu ya 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia. Mfumo ule ulioanza 1985 nao ulikuja na masomo ya vitendo: useremala, sanaa na ufundi, sayansi kimu. Wazazi walinunua mbao na vyombo, walimu walielemewa, na kufikia mageuzi ya 2002 sehemu kubwa ilikuwa imepunguzwa. Malalamiko ya Mtaala wa Umilisi yamefanana mno na yale: kazi za ziada zinazomfanyisha mzazi mtihani, karatasi za kuchapisha, vifaa vya kununua. Kisiwani ongeza nauli ya boti kwenda kuchapisha ukurasa mmoja. Ongeza pia chuo cha Kurani, maana watoto wengi wakitoka shule huingia madrasa, na jioni iliyobaki si ya mradi wa kadibodi.

Mimi nawaunga mkono wanaotaka bahari iingie shuleni, kwa sharti kwamba iingie ndani ya saa za masomo na itoke na namba, maandishi na swali lililojibiwa. Ikipelekwa nyumbani kama kazi ya ziada, imemwangukia mama. Ikifanywa bila kipimo wala daftari, ni uchotaji maji na ubebaji mawe uliopewa jina zuri, na watoto wetu wa vijijini wamefanyishwa hayo vya kutosha. Hoja ya yule mzazi anayetaka Kiingereza pia inajibika hapa, kwa sababu hifadhi ya Kisite-Mpunguti, iliyotangazwa 1978, iko jirani, na kazi zake za uaskari, uongozaji watalii na utafiti wa matumbawe zinamtaka mtu mwenye bahari na maandishi pamoja. Mwenye kimoja tu hubaki kushika kamba ya boti.

Ila msimamo huu hautekelezeki kwa hesabu za sasa. Mgao wa elimu ya msingi bila malipo umekaa miaka mingi kwenye shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 1,200 hupata 1,704,000, ya wanafunzi 150 hupata 213,000. Petroli ya boti haijui idadi ya wanafunzi. Walimu nao hugawanywa kwa kuangalia idadi hiyo hiyo, na tangu Januari 2023 shule za msingi zimebeba pia Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi 9), yenye masomo tisa baada ya kupunguzwa. Mwalimu anayeshika madarasa mawili kwa wakati mmoja hatateremka ufuoni na watoto thelathini kwenye maji yanayojaa. Atakuwa mzembe akifanya hivyo.

Wizara ikitaka mafunzo ya jamii yafanyike visiwani, iweke kwanza kiwango cha chini cha fedha na walimu kisichotegemea idadi ya vichwa, na iruhusu fungu dogo la kumlipa mwenyeji anayefundisha. Mzee anayewaonyesha watoto kusuka malema kwa asubuhi nzima ameacha riziki ya asubuhi nzima, na kwa sasa anaombwa afanye hivyo kwa mapenzi tu.