Rangi Nyekundu Haizimi Moto

Matangazo ya kuuza magari ya zimamoto ya zamani huko Marekani yana ugonjwa mmoja. Utaona American LaFrance 700, toleo lililoanza 1947, kromu inang'aa, kengele inakuonyesha sura yako, na maneno "limekarabatiwa lote". Chini kabisa, kwa aibu: "pampu haijajaribiwa". Sasa kilichokarabatiwa ni nini?

Na kuipima si kazi ngumu hivyo. Toa maji yote kwenye pampu. Funga vali zote, ziba midomo ya kunyonyea, ila vifuniko vya njia za kutolea viondoe, ili vali mbovu isijifiche nyuma yake. Washa praima, yaani kipampu kidogo cha kufyonza hewa, mpaka geji ya mvuto isome inchi 22 za zebaki, kisha izime na utazame saa. Ndani ya dakika 5 isipungue zaidi ya inchi 10. Ikishuka mbio, usianze kuilaumu impela, lile gurudumu linalosukuma maji. Paka povu la kunyolea kwenye viungio: panapovuja, povu linavutwa ndani.

Mara nyingi mchawi ni pakingi ya shafti, zile pete zinazozuia maji na hewa kupita kandokando ya shafti. Kata kila pete kwa mshazari, panga maungio yasikutane, kaza nati kwa vidole kwanza, halafu malizia kidogo kidogo pampu ikizunguka na maji ndani. Iache idondoshe matone! Matone hayo ndiyo yanayopooza shafti. Lakini wapenda usafi wakiona tone sakafuni wanakaza mpaka pakauke, shafti inaungua na kuchimbika, kisha wanaanza kusaka spea za American LaFrance, kampuni iliyofunga milango 2014. Kazi kwenu.

Baada ya hapo ndipo uende bwawani. Pampu ya galoni 1,000 ivute maji kutoka futi 10 chini yake na kutoa galoni zote hizo kwa dakika, kwa presha ya pauni 150 kwa inchi ya mraba. Ukifunga njia zote za kutolea huku inazunguka, maji yale yale yatachemka humo ndani. Na kabla ya msimu wa baridi, usibakize hata kikombe. Barafu hupasua chuma cha kusubu.

Haya, nakubali: watoto kwenye gwaride hawaulizi habari za zebaki. Rangi ina kazi yake.

Tairi zisome tarehe, si kashata. Rimu za ringi, zile ambazo tairi hushikiliwa na ringi ya chuma inayoweza kuchomoka, usizijaze upepo nje ya kizimba cha chuma, labda kama umechoka na kichwa chako. Tangi la galoni 500 ni karibu tani 2 za maji, kwa hiyo ulijaze pomoni au ulimwage lote. Likiwa nusu, maji yanakusukuma kila ukishika breki. Na breki zenyewe nyingi ni za njia moja: paipu moja ikipasuka, pedeli inagonga sakafu. Mafuta yake badilisha kila miaka 2 hata kama gari halijatoka bandani, maana yanavuta unyevu hata yakiwa yamekaa tu.