Kuacha Kazi Kabla ya Mtaji: Hesabu Inayomkabili Mfanyabiashara Mweusi wa Marekani

Katika jamii ya Wamarekani Weusi kuna ushauri unaorudiwa makanisani, kwenye mikusanyiko ya wahitimu na mezani nyumbani, kwamba mtu asimalize umri wake akimtumikia mwajiri, bali aache kazi afungue biashara yake, kwa kuwa mshahara humlisha mfanyakazi lakini hauwaachii watoto wake kitu. Si ushauri wa jana wala juzi. Mwaka 1900 Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Weusi, aliunda jijini Boston umoja wa kitaifa wa wafanyabiashara Weusi kwa imani kama hiyo, na hadi leo familia zinazoadhimisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi ya mwisho wa mwaka, huitenga tarehe 29 Desemba kwa ajili ya Ujamaa, yaani kujenga maduka na biashara zao na kunufaika nazo kwa pamoja. Lengo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ninachopingana nacho ni haraka yake, maana wanaolihubiri husifu ujasiri wa kuondoka na kuliacha kando swali la nani atakayelipa gharama za miezi ya mwanzo.

Wanaohimiza kuondoka wana hoja nzito. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 kuhusu mali za kaya ulionyesha kuwa kaya ya Wazungu iliyo katikati ya safu ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya Weusi dola 44,900, na hakuna nyongeza ya mshahara inayoweza kuziba pengo la ukubwa huo katika maisha ya mtu mmoja. Isitoshe, usalama unaosemekana kuwapo katika ajira haujawahi kugawanywa sawasawa, kwani kwa sehemu kubwa ya nusu karne iliyopita kiwango cha ukosefu wa kazi kwa Weusi kimekaribia mara mbili ya kile cha Wazungu. Kimbilio lao la miaka mingi lilikuwa utumishi wa serikali kuu, ambako sehemu yao ni kubwa kuliko ilivyo katika nguvukazi ya taifa kwa jumla, lakini upunguzaji wa watumishi wa mwaka 2025 ulionyesha kuwa hata mlango huo waweza kufungwa kwa amri moja. Anayesema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini hajakosea, na mwajiri si hata ndugu.

Hata hivyo, ukiwachunguza wale wanaotajwa kuwa mfano, utaona kwamba wengi wao hawakuruka gizani. A. G. Gaston wa Birmingham, Alabama, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya makaa ya mawe na chuma, aliwauzia wachimbaji wenzake chakula cha mchana kilichopikwa na mama yake, kisha akaanza kuwakopesha fedha kwa riba, na mwaka 1923 akaanzisha chama cha mazishi ambacho baadaye kilizaa kampuni ya bima. Hoteli na benki vilifuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi ile ya mgodini ilimpa mshahara na wateja kwa wakati mmoja, kwa sababu soko lake la kwanza lilikuwa mifuko ya watu waliolipwa siku moja naye. Madam C. J. Walker naye, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kufua nguo za watu kwa miaka mingi, alipohamia Denver mwaka 1905 aliendelea kufanya kazi ya upishi huku akiuza dawa za nywele. Simulizi zinazopendwa leo huwaonyesha wakiwa tayari matajiri, na kile kipindi kirefu cha kushika huku na huku hukatwa, ilhali ndicho chenye mafunzo kwa mtu anayefikiria kuandika barua ya kuacha kazi.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni mtaji. Mmarekani wa kawaida anayeanza biashara hutumia akiba yake, humwendea mzazi, au hukopa kwa dhamana ya nyumba. Takriban kaya 74 kati ya 100 za Wazungu zinaishi katika nyumba zao wenyewe, na za Weusi ni karibu 45 tu, tena mara nyingi katika mitaa ambako nyumba hukadiriwa bei ya chini. Wanauchumi Robert Fairlie na Alicia Robb, walioandika juu ya suala hili mwaka 2008, walibainisha kuwa uchache wa mtaji wa kuanzia ni miongoni mwa sababu kubwa zinazofanya biashara za Weusi zifungwe mapema, na wakaongeza sababu isiyosemwa sana, kwamba ni wachache zaidi kati yao waliowahi kufanya kazi katika biashara ya mtu wa familia kabla ya kufungua ya kwao. Ndiyo maana takriban asilimia 96 ya biashara za Weusi hazina hata mfanyakazi mmoja wa kuajiriwa. Mtu mmoja ndiye bosi, mhasibu na mfagiaji, na akiugua, duka limefungwa.

Tuiangalie sasa hesabu yenyewe kwa karibu. Chukua mama wa watoto wawili, mwajiriwa wa ofisi aliyeikatia familia yake bima ya afya kazini. Mwaka 2024 bima ya namna hiyo iligharimu kwa wastani dola 25,572 kwa mwaka, na mfanyakazi alikatwa dola 6,296 tu, zilizobaki zikalipwa na mwajiri. Akiacha kazi, sheria humruhusu kubaki na bima ileile kwa hadi miezi 18, lakini kwa kulipa gharama yote pamoja na nyongeza ya asilimia mbili, yaani karibu dola 2,170 kila mwezi kabla hajauza hata bidhaa moja. Anaweza kununua bima nyingine katika soko la serikali, ila ruzuku za nyongeza zilizowekwa mwaka 2021 zilifikia ukomo mwishoni mwa 2025, na wengi wanalipa zaidi. Kisha kuna kodi ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, ambayo kazini alichangia asilimia 7.65 na mwajiri kiasi kama hicho. Akijiajiri atailipa yote, asilimia 15.3 ya faida yake, tena kwa awamu nne za mwaka, bila mtu wa kumkata kabla fedha hazijamfikia mkononi. Wanaoijua hesabu hii kabla ya kuondoka hujipanga, na wanaoijua baadaye huigusa akiba ya uzeeni, ambako kwa kawaida hutozwa kodi pamoja na faini ya asilimia 10 kama hawajafikisha umri wa miaka 59 na nusu.

Mwaka 2020, wa janga la UVIKO-19, ulionyesha kinachotokea mtikisiko ukija. Kati ya Februari na Aprili idadi ya wamiliki wa biashara Weusi waliokuwa kazini ilishuka kwa asilimia 41, na ya Wazungu kwa asilimia 17. Serikali ilitenga mikopo ya kuwaokoa wenye biashara ndogo, lakini ilipitishwa benki, na benki nyingi ziliwahudumia kwanza wateja waliokwisha kukopa kwao. Watu waliojiajiri waliruhusiwa kuomba kuanzia tarehe 10 Aprili, na fungu la kwanza la dola bilioni 349 likaisha tarehe 16.

Misaada iliyolenga Weusi nayo haitegemeki tena. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho huko Tennessee ilizuia utaratibu wa kuwahesabu waombaji wa zabuni za serikali kuwa wanyonge wanaostahili upendeleo kwa sababu ya rangi pekee. Mwaka 2024 mfuko wa Atlanta uliokuwa ukiwapa wanawake Weusi ruzuku ya dola 20,000 ulilazimika kuufunga mpango huo baada ya kushtakiwa. Mwaka 2025 amri ya rais iliagiza kupunguzwa kwa wakala wa kuendeleza biashara za jamii za wachache uliokuwapo tangu 1969. Nayaona maamuzi haya kuwa dhuluma, lakini mtu anayepanga bajeti hana budi kuyahesabu.

Ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki wamo katika takwimu hizohizo, ingawa njia yao inatofautiana kidogo. Katika jimbo la Washington, Wakenya wengi wanaomiliki nyumba za kutunza wazee walianza kama wahudumu wa zamu, na mtaji wa wengi wetu ughaibuni umetoka kwenye chama au upatu. Nguvu hiyo ina upungufu mmoja: fedha za chama hazionekani katika kumbukumbu za mikopo, na benki haimpi mtu sifa kwa kuchangia wenzake miaka kumi bila kukosa. Aliyeko nchini kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri, kwake kuacha kazi ni suala la uhamiaji kwanza.

Kwa mizani hiyo naona kuwa mtu asiache mbachao kwa msala upitao, lakini pia asiukalie mbachao mpaka uchakae. Hati ya mshahara ni chombo cha kukopea, kwa hiyo mkopo wa nyumba na kibali cha mkopo wa benki viombwe kabla ya kuondoka, kwani vitakuwa vigumu kupatikana baadaye. Wateja wanaolipa wapatikane jioni na wikendi, baada ya kusoma mkataba wa kazi, kwa kuwa waajiri wengine hukataza kazi ya pembeni. Wanandoa wasiondoke wote, bali mwenye bima bora abaki. Najua kuwa kazi mbili huchosha, na ziko biashara zisizokua kwa saa za usiku. Mwenye biashara ya namna hiyo aliye na wateja wa kudumu na gharama za miezi sita au zaidi mkononi, kwake kuchelewa ndiyo hasara. Na yule mtumishi wa serikali aliyetimiza masharti ya kustaafu, mwenye pensheni na bima inayoendelea, sioni sababu ya kumzuia hata siku moja.