Mjomba Anabambuka

Siku niliyolichomoa lile koti kwenye rundo la mitumba, nilijiona mjuzi kuliko muuzaji mwenyewe. Jeusi, zipu nzito, linang'aa kama limepakwa mafuta. "Hiyo ngozi hiyo, kaka," akasema. Nikalinusa huku nimefumba macho, kama mtu anayejua anachonusa. Lilinuka naftalini, zile dawa za kufukuza nondo. Nikaridhika, nikalipa.

Na dalili zote nilikuwa nazo mkononi! Vitundu vya vinyweleo vimepangana sawasawa kama vimepigwa muhuri, wakati ngozi ya mnyama huwa navyo shaghalabaghala, na kovu hapa na pale. Mshono wa mfukoni ulikuwa umefumuka, na ukingo wake ulionyesha kitambaa cha kufuma, si nyuzinyuzi za ngozi. Kwenye mkunjo wa kola palikuwa na nyufa kama za tope lililokauka. Mimi nikasema, ah, ndiyo mitindo ya zamani.

Kumbe ni kitambaa kilichopakwa utando wa poliyurethani, aina ya plastiki. Utando huo huliwa na unyevu wa hewa polepole, mwaka hadi mwaka, hata koti likae kabatini bila kuvaliwa. Langu lilikuwa limebakiza siku chache, likaamua kuzimalizia kwa dada yangu.

Dada alikuwa amejifungua. Nikafika nimependeza, nikapewa mpwa wangu, kavikwa nyeupe tupu. Nikamlaza begani na kumbembeleza kwa bidii zote, shavu lake likisugua kola. Akalala fofofo.

"Kamjua mjomba wake!" wakasema. Nikavimba kichwa.

Nilipomrudisha, dada akapiga ukelele. Shavu zima la mtoto madoa meusi, na juu ya mdomo kaota masharubu.

"Upele! Upele mweusi!"

Shemeji akakimbilia funguo za gari. Mtu akauliza kama nimetoka safari, akasogea hatua mbili nyuma. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, "Hospitali, sasa hivi!", nikainama upesi kufunga kamba za viatu. Mgongoni pakalia kama karatasi kavu inayofinyangwa.

Shangazi hakuinuka. Alibandua doa moja kwenye shavu la mtoto, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Akaitazama shingo yangu. Akakitazama kiti nilichokuwa nimekalia.

"Rudisha funguo, baba. Mtoto mzima. Anayebambuka ni mjomba wake."

Nilifagia sebule ile mara tatu, na kila nikigeuka nachafua upya, mpaka dada akaninyang'anya ufagio na koti kwa pamoja.

Mpwa wangu sasa ana miaka mitatu. Nikimtembelea nimevaa cheusi, hanisalimii kwanza. Huja moja kwa moja kwenye kola na kuikwangua kwa ukucha.