Kompyuta inapowaka, sharti likae wapi?

Kompyuta mpakato moja inaweza kuwaka leo ikiwa na kebo, kesho ikitegemea Wi-Fi, keshokutwa bila mtandao kabisa. Kila mara lazima iamue: iombe anwani kwa DHCP (njia ya kupewa anwani na mtandao wenyewe), itumie anwani ya kudumu, au iendelee bila kusubiri? Kwa miongo mingi sharti la uamuzi huo lilikaa kwenye skripti za sheli, yaani faili za amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine. Sasa mifumo mingi ya Linux imelihamishia kwa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, iliyotangazwa mwaka 2010 na kuwa chaguo la kawaida la Debian, mojawapo ya mifumo hiyo, mwaka 2015. Ubishi haujakwisha.

Watetezi wa skripti nawaelewa. Skripti unaisoma kutoka juu hadi chini, na kilichotangulia ndicho kinachotangulia. OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, bado huwaka kwa /etc/rc, faili ambayo mtu mvumilivu anaimaliza kwa kikao kimoja. Ukitaka kujua kama kebo imechomekwa, kwenye Linux unasoma /sys/class/net/eth0/carrier (eth0 ni jina la kadi ya mtandao): 1 ni ndiyo, 0 ni hapana.

Lakini hapo ndipo matatizo huanzia. Kadi ya mtandao ikiwa bado haijawashwa, kusoma faili hiyo huleta kosa, wala si 0. Ukiiwasha, huchukua muda kidogo kupatana na swichi, kifaa kinachounganisha mashine za mtandao, na katika muda huo jibu ni 0 ingawa kebo ipo. Kwa hiyo mwandishi wa skripti huongeza «sleep 5», yaani subiri sekunde tano, na mambo yanakaa sawa hadi siku mashine ihamishiwe kwenye swichi nyingine. Swichi inayotumia STP (itifaki ya kuzuia data isizunguke bila mwisho) kwa mipangilio yake ya kawaida huweza kuchukua sekunde 30 kabla ya kuruhusu data ipite, huku carrier ikisema 1 muda wote huo. Nimeona skripti nyingi zenye sleep juu ya sleep, na hakuna aliyethubutu kuondoa hata moja.

systemd huandika sharti kama tamko: ConditionPathExists (faili ipo), ConditionHost (mashine ni hii), ConditionACPower (umeme umechomekwa). Ni safi, ila lina mtego wake. Condition isipotimia, huduma inarukwa bila kuhesabiwa kuwa imeshindwa. Anayetaka ihesabike kuwa imeshindwa atumie Assert badala ya Condition. Wengi pia huandika After=network.target (anza baada ya hatua ya mtandao) wakidhani anwani itakuwa tayari, kumbe hiyo haiwahakikishii hilo. Anayehitaji anwani aitegemee network-online.target, hatua inayosubiri mtandao uwe tayari. Na sharti likiwa na matawi matatu au manne, utaishia kuita skripti kupitia ExecCondition, inayoendesha amri na kuamua kwa jibu lake.

Kwa maoni yangu, ubishi huu umeegemea mno kwenye chombo. Jina la mashine, aina ya kadi na kuwepo kwa faili fulani kwa kawaida havibadiliki katikati ya kazi, kwa hiyo viulizwe mara moja, popote. Kebo na Wi-Fi hubadilika saa yoyote, na jibu la sekunde ya kuwaka huchacha mtu akichomoa waya. Hizo zisubiriwe kama matukio: NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mitandao, huita skripti zilizo kwenye folda ya dispatcher.d na kuzipa jina la kadi na tukio lililotokea. OpenBSD ina ifstated kwa kazi hiyohiyo. Skripti zinabaki, fupi na bila hata sleep moja, kwa sababu zinaitwa baada ya jambo kutokea.